Dubu mweusi njiani: sprei ya pilipili, kengele, bastola au kopo la chakula?

Shem wangu kahamia Knoxville mwezi wa tatu akitokea Texas, na kabla hata hajanunua kitanda kanitumia meseji, "shem, hawa dubu wa huku vipi?" Nilicheka, ila swali lina maana, kwa sababu toka hapa mpaka hifadhi ya Great Smoky Mountains, wenyewe wanaiita Smokies, ni kama saa moja kwa gari na mle ndani wanakadiria dubu weusi kama 1,900, yaani karibu wawili kwa kila maili moja ya mraba, na jamaa ni mtu wa milima, Kilimanjaro kapanda mara mbili na Meru mara moja, huyo hawezi kukaa Tennessee akaacha kwenda. Siku mbili baadaye kanitumia picha ya kapu lake la Amazon: kengele za kufunga kwenye begi, sprei ya dubu, honi ya hewa kama zile za mpirani, halafu chini kauliza, "au nichukue tu bastola, shem, tumalize?"

Nikaangalia lile kapu, kila kitu kimo isipokuwa kile ambacho kingemsaidia kuliko vyote. Sisi tukisikia mnyama wa porini akili inakimbilia kwenye mapambano, maana tumekua na stori za simba na nyati. Dubu mweusi mfikirie kama nyani wa pale Mikumi barabarani, ila huyu nyani ana kilo mia na zaidi. Hana ugomvi na wewe. Ana hamu na kilichomo kwenye begi lako, na akishakipata mara moja hasahau, kesho atarudi na atakuwa na ujasiri kuliko jana. Kwa hiyo nilimjibu shem kwa urefu, na nimeona niyaweke hapa yote kwa sababu sio yeye peke yake anayeniuliza.

Kwanza ujue unakutana na yupi

Kwa mtu wa kutembea milimani Marekani dubu wa kumhusu ni wa aina mbili, dubu mweusi na grizzly. Rangi usiiamini kabisa. Huyu anayeitwa mweusi anaweza kuwa mweusi tii, anaweza kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, hasa ukienda majimbo ya magharibi, na huko ndiko watu wanakochanganya. Angalia mgongo. Grizzly ana nundu juu ya mabega kama ng'ombe wetu wa kienyeji, mweusi hana. Angalia uso kwa ubavu, wa grizzly umebonyea katikati kama sahani, wa mweusi umenyooka toka kipaji mpaka puani. Kucha za grizzly ni ndefu za kuchimbia, za mweusi ni fupi zimepinda, ndio maana anapanda mti kama mtoto anavyopanda mwembe wa jirani, kwa hiyo wazo la kukimbilia juu ya mti lifute leo.

Hii tofauti sio ya mapambo, kwa sababu ikifika mahali dubu kakushika kabisa, maelekezo yanapishana. Grizzly uliyemshtua, hasa mwenye watoto, unalala kifudifudi, mikono nyuma ya shingo, begi liache mgongoni likukinge, unatulia. Dubu mweusi akikushika usijifanye maiti. Pigana. Jiwe, fimbo, ngumi, chochote, piga usoni, puani na machoni. Sababu yake ndiyo hii: kuna utafiti wa mtaalamu wa dubu Stephen Herrero na wenzake uliotoka mwaka 2011, walipitia vifo vyote vilivyosababishwa na dubu weusi wa porini Marekani na Kanada toka 1900 mpaka 2009, wakakuta watu 63 kwenye matukio 59, na katika hayo asilimia 88 dubu alikuwa anawinda, yaani alimuona mtu kama nyama. Sasa ukijifanya umekufa mbele ya mnyama aliyekuja kula, umemrahisishia kazi.

Watu 63 kwa miaka 110, nchi mbili kubwa hivyo. Mimi barabara kuu ya I-40 asubuhi na yale malori inaniogopesha zaidi.

Kwenye utafiti huohuo kuna mambo mawili ambayo watu wetu wengi hawayajui. Moja, tunaambiwa kila siku mama mwenye watoto ndiye hatari, na kweli usiingie kati yake na wanawe hata kidogo, lakini waliokuwa wanawinda watu asilimia 92 walikuwa madume. Mama dubu mweusi kawaida anapandisha watoto juu ya mti halafu anakupigia kelele. La pili, asilimia 91 ya matukio hayo ya vifo yaliwakuta watu waliokuwa peke yao au wawili. Kwa hiyo kabla hujatoa senti kununua kifaa, tafuta watu wawili muwe watatu. Hicho hakiuzwi Amazon.

Sprei au bastola

Hapa ndipo shem alipokuwa anasubiri, na najua wengi mnasubiri hapahapa.

Sprei ya dubu ni pilipili. Ni ileile kapsaisini ya kwenye pilipili kichaa, asilimia 1 hadi 2, imewekwa kwenye kopo kwa presha, ukibonyeza linatoa wingu la rangi ya chungwa. Kwetu vijijini kandokando ya hifadhi wakulima wanapaka pilipili na oili chafu kwenye kamba za uzio kuzuia tembo, kwa hiyo wazo sio geni, ni lilelile limetiwa kwenye kopo la dola 35 mpaka 50. Isiwe ile ndogo ya kujilinda na vibaka, hiyo haifiki mbali. Kopo liwe na angalau gramu 225, lirushe angalau mita 7 na nusu, lidumu sekunde 6 hivi kwa kubonyeza mfululizo. Angalia na tarehe, nyingi zinaisha muda baada ya miaka mitatu au minne, presha inapungua.

Bastola inajulikana, sina haja ya kuieleza.

Sasa ziweke pamoja. Tom Smith na huyohuyo Herrero walichapisha mwaka 2008 matukio ya sprei kule Alaska kati ya 1985 na 2006: dhidi ya dubu weusi ilimzuia mnyama mara 90 kwa 100, na kati ya watu waliokuwa na sprei dubu akiwa karibu, asilimia 98 hawakuumia hata kidogo. Halafu 2012 wakatoa ya bunduki, matukio 269, humo bastola zilifanya kazi asilimia 84, bunduki ndefu 76, na kilichonishangaza ni kwamba waliotumia silaha na waliokuwa nayo wasiitumie waliumia kwa kiwango kilekile. Hizi namba usiziweke kwenye mzani mmoja kama nyanya sokoni, mazingira ya hayo matukio yanatofautiana, lakini mtu mwenye sprei hana cha kumuonea wivu mwenye bastola.

Na kuna suala la mkono. Dubu anakimbia hadi kilomita 50 kwa saa, sasa wewe ambaye shabaha yako ya mwisho ulipiga manati, utamlenga nini anayekujia hivyo kwenye kichaka, mikono inatetemeka? Wingu halihitaji shabaha. Unaelekeza mbele yake kidogo na chini kidogo, unabonyeza akiwa kama mita tisa, anaingia mwenyewe kwenye pilipili. Ukimjeruhi kwa risasi umemtengeneza mnyama mwingine kabisa.

Alafu sheria, na hapa ndugu zangu wa makaratasi ya muda sikilizeni vizuri. Kubeba silaha ndani ya hifadhi za taifa kunaruhusiwa toka mwaka 2010 kwa kufuata sheria za jimbo husika, lakini kufyatua ni kosa karibu zote. Na aliye kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kushika bunduki kabisa, kuna misamaha michache kama ya mwenye leseni ya kuwinda. Usiharibu green card yako ya kesho kwa ajili ya dubu ambaye pengine angekimbia ukipiga makofi.

Ubaya wa sprei nao nauweka mezani. Upepo ukikujia usoni utalia wewe. Kwenye ndege hairuhusiwi, si mkononi si kwenye sanduku la kupakia, kwa hiyo ukisafiri unainunua ukifika na unaiacha ukirudi, na hiyo pesa imekwenda. Kwenye gari lililofungwa juani mwezi wa saba inaweza kupasuka. Na ubaya mkubwa kuliko yote: watu wanaiweka ndani ya begi chini ya koti la mvua. Siku moja njiani kwenda Abrams Falls nilimuuliza jamaa mmoja mwenye begi zuri kabisa sprei yake iko wapi, akasimama, akavua begi, akafungua zipu, akatoa chakula, akatoa taulo, akatoa chaja, akaipata na bado ilikuwa na ile plastiki ya dukani. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika 40. Sprei inakaa kiunoni au kifuani kwenye mkanda wa begi, mkono unaifikia bila macho, na kile kipini cha usalama unajifunza kukichomoa kwa dole gumba ukiwa nyumbani, mara ishirini, mpaka mke akuulize una nini. Kuna makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili, nunua moja mgawane.

Kengele, honi, na koo lako

Hapa sitakawia. Kengele ni dola tano za kutupa. Sauti yake ndogo, inapotea kwenye mto na upepo, na hata akiisikia haimwambii dubu kwamba huyu ni mtu. Kinachomwambia ni sauti ya mtu. Ongea, piga makofi ukifika kwenye kona usiyoona mbele, karibu na maporomoko ya maji, na sehemu zenye matunda ya porini. Sisi kundi letu la kanisani, Wakongo, Warundi na Watanzania, tukitembea tunaimba mwanzo mwisho, mpaka wazungu wanasimama pembeni watupishe, na kusema kweli njiani dubu hatujawahi kumkuta. Tulimkuta kwenye chakula, nitawaambia.

Honi ya hewa ni kitu cha maana kidogo, inashtua dubu akiwa mbali na kambi, lakini kuna wanaoizoea kama mbwa wa mjini anavyozoea honi za daladala. Uzuri wake ni kuita msaada. Firimbi inafanya hiyo kazi kwa dola mbili na haiishi gesi.

Sasa lile lililosahaulika kwenye kapu: chakula kinalala wapi

Mwaka juzi tulikwenda Cades Cove, humohumo Smokies, wikiendi, watu kama ishirini. Mama mmoja alikuja na ndagala kavu alizoletewa kutoka Uvira, kaziweka kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya begi la shule la mwanae, begi juu ya meza ya mbao. Tukashuka mtoni kunawa mikono, wote, kwa dakika tano tu. Kurudi dubu yuko mezani. Si mkubwa sana, nadhani alikuwa kijana, masikio yamesimama, pua ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa kaweka mkono mmoja juu ya begi kama mtu anayeshikilia mkate aukate, kucha moja ikapita kwenye kitambaa, krrr, kama zipu, ndagala zikamwagika, akaanza kuzilamba mbao moja moja. Chapati hakuzigusa mwanzo, alianza na ndagala, na mama yule akawa analalamika kwa sauti kwamba hata yeye angeanza nazo.

Tulipiga kelele, tukagonga masufuria, akaondoka taratibu akigeuka nyuma. Renja alikuja baadaye, hakutugombeza sana, ila alisema anamwonea huruma yule dubu kuliko begi, kwa sababu dubu aliyeonja chakula cha mezani huwa anarudi, akirudi mara nyingi anakuwa mkorofi, na wakorofi mwisho wao ni kuuawa. Tulirudi Knoxville gari zima kimya. Toka siku hiyo chakula hakibaki bila mtu.

Basi kwa anayelala porini chaguo ziko kama nne.

Kopo la dubu ni pipa dogo la plastiki ngumu, linaingia begini, mfuniko wake unafunguka kwa vidole vya mtu na sio kwa makucha. Yale yanayoonekana sana, BearVault BV500, ni kilo 1 na gramu 160 likiwa tupu, na lile la zamani la Garcia jeusi linazidi hapo kidogo na unalifungua kwa sarafu. Bei iko kati ya dola 75 na 100. Ni zito, halikunjiki, chakula cha siku nne kimeisha na wewe bado umebeba pipa tupu lenye ukubwa uleule. Lakini unaliweka chini tu, mbali na hema kama mita 60 au zaidi, basi, ukalale. Jioni ni kigoda. Asubuhi ya baridi ule mfuniko unagoma, vidole vimekufa ganzi unabonyeza kile kijino kwa funguo huku chai inakungoja, ila hilo ni tatizo la asubuhi moja.

Kuna stori moja ya hili kopo naipenda. Kule milima ya Adirondack, New York, kulikuwa na dubu jike mdogo tu, hata kilo 60 hajafika, waliyemwita Yellow-Yellow kwa sababu ya alama za njano masikioni. Huyu alijifunza kufungua BearVault. Kampuni wakaongeza kijino cha pili kwenye mfuniko, akajifunza na hicho. Wahandisi na digrii zao wamekaa mezani, dubu yuko msituni na meno yake, na anawashinda. Alipigwa risasi na mwindaji mwaka 2012. Naisimulia ili usidhani kuna kifaa kisichoshindwa, ila kati ya maelfu ya dubu aliyekuwa maarufu kwa hilo ni mmoja.

Mfuko wa nyuzi ngumu, ule Ursack, ni kama robo kilo, unafungwa kwenye mti, dubu anatafuna hapasui. Unakunjika, mwepesi, bei karibu na kopo au kuzidi. Shida ni kwamba hata asipoupasua anaukanyaga na kuuguguna mpaka mikate yako inakuwa uji, na mate juu. Shida nyingine, sio kila hifadhi inaukubali. Yosemite, kule California, hawautaki.

Kamba ni rahisi, ila ndiyo inayotaka ujuzi kuliko zote na ndiyo watu wanayoifanya vibaya kuliko zote. Mfuko uwe juu angalau mita tatu na nusu hadi nne, na mbali na shina mita mbili karibu. Nenda msituni utafute tawi la hivyo jioni, umechoka, kunanyesha, unarusha jiwe lililofungwa kamba linarudi kukupiga kichwani. Nimeshafanya hivyo, nikaishia kufunga kamba kwenye tawi ambalo hata mbuzi angefika. Na dubu wa sehemu zenye watu wengi wameshajifunza kwamba kamba iliyofungwa kwenye shina ukiikata chakula kinashuka.

Ya nne ni ya bure, vile vyuma na nyaya za kuvutia mizigo juu ambavyo hifadhi yenyewe imefunga. Smokies kambi za porini zina nyaya hizi, na zile banda za Appalachian Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu, ndani ya hifadhi pia. Unaunganisha mfuko, unavuta, umemaliza. Kumbuka tu "chakula" kwa dubu ni kila chenye harufu: dawa ya meno, mafuta ya kupaka, manukato, sabuni, gamu ya watoto, na ile sufuria ambayo hukuisugua vizuri. Vyote juu. Na nguo ulizopikia usilale nazo.

Kwa hiyo ununue nini, inategemea unaenda wapi

Smokies, matembezi ya siku moja, kama shem: sprei kiunoni, chakula mgongoni muda wote, watu watatu. Inatosha. Kuna sheria ya kutomsogelea dubu ndani ya yadi 50, kama mita 45, na hata mbali zaidi kama unamsumbua, faini ipo na wanakamata. Mbwa muache nyumbani, maana njia zinazoruhusu mbwa ni mbili tu hifadhi nzima, ya Gatlinburg na ya Oconaluftee River, na mbwa asiyefungwa anaweza kumchokoza dubu halafu akakimbilia kwako akiwa anafukuzwa. Kulala porini humo, nyaya zipo, kopo ni hiari, mimi ningebeba kama natembea Appalachian Trail na kutoka nje ya hifadhi.

Yosemite mambo yanageuka. Sprei ya dubu marufuku, wanaihesabu kama silaha, na kopo la chakula ni lazima ukienda kulala porini, ukifika huna wanakukodishia. Huko ni dubu weusi tu, grizzly wa California amebaki kwenye bendera ya jimbo, wa mwisho kuonekana ilikuwa 1924. Lakini hao weusi wa Yosemite ni mabingwa wa magari, mwaka 1998 peke yake kulikuwa na matukio zaidi ya 1,500 ya dubu na mali za watu, wanakunja mlango kama anayefungua kopo la sadini. Kwenye kambi za magari za Smokies unaambiwa fungia chakula ndani ya gari, Yosemite usiku chakula kikibaki kwenye gari wewe ndiye mkosaji, kuna makabati ya chuma. Gari Smokies ni kabati, Yosemite ni sahani.

Adirondack upande wa Eastern High Peaks kopo ni lazima kwa wanaolala. Hifadhi za Yellowstone na Glacier wako wote wawili, mweusi na grizzly, huko sprei usiijadili, kila mtu na yake, na umbali ni yadi 100.

Na akitokea je

Bila kifaa chochote, au na chote. Usikimbie, hilo la kwanza, simba na dubu hapo hawana tofauti. Kama hajakuona, rudi ulikotoka kimyakimya. Akikuona, simama, watoto washike mkono au uwabebe bila kuinama sana, ongea naye kwa sauti nzito ya kawaida, Kiswahili kinafaa kabisa, Kiingereza nacho hakijui. Akisimama kwa miguu miwili sio kwamba anataka kupigana, anatafuta harufu na kuona vizuri. Akianza kugongesha meno, tak tak tak, kupuliza pumzi kwa nguvu, kupiga ardhi kwa mkono, anakwambia umekaribia mno, wewe rudi nyuma taratibu ukimwangalia. Anaweza hata kukurukia mbio halafu akasimama ghafla, ni mkwara, shikilia hapohapo na sprei mkononi.

Wa kumhofia ni yule mkimya. Hapigi meno, hapulizi, anakufuata tu kwa mbali, ukisogea anasogea, masikio mbele. Huyo ndiye wa kwenye ule utafiti. Kwake jikuzeni, simameni pamoja, inueni mabegi juu, pigeni kelele, tupeni mawe, na akiingia mita tisa bonyeza.

Shem kaondoa kengele kwenye kapu, kaondoa honi, bastola kasema "tuiache kwanza", kaweka sprei mbili na kaazima kopo langu. Wikiendi iliyopita wamekwenda kulala kambini na dada yangu, saa tatu usiku napigiwa simu. Dada kasikia ni sprei ya kufukuza wanyama, kakumbuka dawa ya mbu, anauliza apulizie hema kwa nje tu au na mlangoni pia. Nilimwambia dada, iweke chini polepole, usibonyeze, mtalala kwenye gari mnalia, na asubuhi hema litakuwa linanukia pilipili na dubu harufu hiyo ikishakauka inamvuta aje kuonja. Mpe shem simu.